Lugha ipi ya kompyuta inalipa?

Wiki haipiti bila mtu kuniuliza swali hilo hapo juu. Wengine ni wadogo zangu waliomaliza kidato cha sita wanasubiri chuo, wengine ni watu wazima wenye kazi zao za ualimu au uhasibu ambao wamesikia kwamba waandika programu wanalipwa kwa dola huku wamekaa nyumbani kwao Mbezi wamevaa kaptula. Kwa nini waniulize mimi, mwandishi wa habari? Nadhani ni kwa sababu mara moja moja naandika habari za teknolojia gazetini, na hapa Bongo ukiandika habari mbili za kompyuta tayari wewe ni fundi. Kuna mzee mmoja mtaani kwetu huniletea simu yake iliyozima.

Basi leo niwajibu wote kwa mpigo mmoja. Swali lenyewe limekaa upande. Si kwamba halina jibu. Lina majibu mengi mno, na wengi wanaolijibu wana kitu wanachouza.

Chukua hizi orodha za "lugha kumi bora za mwaka" zinazobandikwa kwenye matangazo ya vituo vya mafunzo. Nyingi zinachota kwa TIOBE, kampuni iliyoko Eindhoven, Uholanzi, inayotoa orodha yake kila mwezi. Oktoba 2021 Python iliipiku C na Java ikashika namba moja kwenye orodha hiyo, na tangu hapo kila kona unasikia Python, Python, Python. Sina ugomvi na Python. Ugomvi wangu ni na kipimo. Soma namna orodha hiyo inavyotengenezwa: wanaangalia ni kurasa ngapi zinajitokeza ukitafuta jina la lugha hiyo kwenye Google na mitambo mingine ya kutafutia. Yaani hawahesabu nafasi za kazi. Hawahesabu mishahara. Hawahesabu hata programu zilizoandikwa. Watoto wa shule dunia nzima wakifundishwa Python na kuuliza maswali yao ya mazoezi mtandaoni, Python inapanda. Ni sawa na kupima biashara ya samaki pale Feri kwa kuhesabu watu wanaozungumzia samaki.

Uchunguzi wa Stack Overflow nao una kasoro ya namna yake. Wale wanawauliza waandika programu wenyewe wanatumia nini, na kwa zaidi ya miaka kumi JavaScript ndiyo imekuwa ikitajwa na wengi kuliko lugha nyingine. Sawa. Lakini hakuna hata mmoja kati yao aliyepita Samora Avenue akagonga mlango wa mwajiri na kumuuliza anatafuta mtu wa namna gani.

Utaniambia, basi tusome matangazo ya kazi, huko ndiko soko linakosema. Hapo napo pana vituko. Julai 2020, Sebastián Ramírez, jamaa aliyebuni FastAPI (ni kifaa cha kujengea huduma za mtandaoni kwa Python), alisimulia Twitter kwamba ameona tangazo la kazi linalotaka mtu mwenye uzoefu wa FastAPI wa miaka minne au zaidi. Tatizo ni kwamba yeye mwenyewe alikuwa ameibuni mwaka mmoja na nusu tu uliopita. Kwa hiyo baba mzazi wa kitu alikosa sifa za kuajiriwa kukitumia! Watu walicheka sana, mimi nilicheka kidogo, kwa sababu matangazo ya aina hiyo tunayachapa kwenye kurasa zetu kila wiki. Unakuta kampuni ya usafirishaji mizigo inataka "Afisa TEHAMA" anayejua Java, PHP, Python, C++, mitandao, kamera za ulinzi, na awe na leseni ya udereva. Hilo si tangazo la mtu anayejua anachotaka. Mtu wa rasilimali watu amefungua matangazo matatu ya wenzake akanakili yote.

Sasa niwape kisa kinachonifurahisha kuliko vyote, maana kinaonyesha jinsi sisi watu wa vyombo vya habari tunavyochangia kupotosha.

Aprili 2020, corona imepamba moto, gavana wa New Jersey kule Marekani, Phil Murphy, aliwaambia waandishi wa habari kwamba jimbo lake linahitaji watu wanaojua COBOL. Kwa wasioijua, COBOL ni lugha iliyobuniwa mwaka 1959, ikichota mengi kwenye kazi ya Grace Hopper, na kwa miongo kadhaa ndiyo iliyobeba hesabu za mabenki, bima na serikali za Magharibi. Mitambo ya jimbo ya kulipa mafao ya watu waliopoteza kazi ilikuwa na umri wa zaidi ya miaka 40, na maombi yalikuwa yakimiminika kama maji ya Msimbazi wakati wa masika. Ndani ya siku mbili vichwa vya habari vikajaa: lugha ya mababu yageuka dhahabu, jifunze COBOL uone maajabu. Natoka kwenye jiko la vichwa vya habari, najua vinavyopikwa.

Lakini rudi usome gavana alichoomba. Aliomba watu wa kujitolea. Kujitolea, jamani! Kitu kinachoitwa adimu kuliko almasi kinaombwa bure. Na si hivyo tu. Mwanahistoria wa teknolojia Mar Hicks aliandika baadaye mwaka huohuo kwamba kilichokuwa kikianguka New Jersey hasa ni tovuti ya kupokelea maombi ya wananchi, na tovuti hiyo iliandikwa kwa Java, lugha ya miaka ya 1990. Mzee COBOL alikuwa nyuma anachapa kazi yake kama kawaida. Kilichokosekana kwa miaka mingi ni fedha ya kuwalipa watu wa kuitunza mitambo, na uhaba wa namna hiyo huuondoi kwa vijana kukimbilia darasani kujifunza lugha.

COBOL ilishawahi kulipa kweli, na ni vizuri kujua ililipa nani. Mwishoni mwa miaka ya 1990 dunia iliogopa kwamba kompyuta zilizoandika mwaka kwa tarakimu mbili zingechanganyikiwa ikifika 2000. Wastaafu waliitwa warudi kazini. Kampuni za India kama Infosys, TCS na Wipro zilipata kazi nyingi za kusahihisha programu hizo za zamani. Ikafika Januari 2000, kazi ikaisha. Mtu aliyekuwa na COBOL peke yake mkononi alirudi alikotoka. Zile kampuni hazikurudi, kwa sababu zilikuwa zimebaki na wateja, na zilikuwa zimeshajua benki inafanyaje kazi kwa ndani. Leo Infosys inauza mtambo wa kibenki unaoitwa Finacle, na kuna mabenki hapa Afrika Mashariki yanayoutumia.

Hapo ndipo ninapotaka mnielewe. Soko letu halinunui lugha. Linanunua mitambo, kisha linatafuta watu wa kuihudumia.

Ukiingia benki yoyote kubwa pale Posta, nyuma ya yule dada wa kaunta kuna mtambo mkuu ambao mara nyingi umenunuliwa nje: Finacle, au Flexcube ya Oracle, au T24 ya Temenos ya Uswisi. Flexcube ukiichimba unakutana na PL/SQL na Java. T24 ilijengwa kwa lugha yenye asili ya BASIC inayoitwa jBC, ambayo naweka dau kwamba wahitimu wetu wengi wa kompyuta hawajawahi hata kuisikia. Huioni kwenye orodha ya lugha kumi bora, wala sijawahi kuona kituo cha Sinza kikiitangaza. Ila benki ikiwa na T24 na mtu wake anayeijua akahama, hapo kuna watu hawalali.

Nenda upande wa afya. Takwimu za hospitali na zahanati, zetu na za Kenya, zinapita kwenye DHIS2, mfumo ulioratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo. Kenya waliusambaza nchi nzima mwaka 2011. Injini yake ni Java. OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza 2004 na ambao Eldoret ni moja ya sehemu zake za mwanzo kabisa, nao ni Java. Kwa hiyo kijana anayetaka kufanya kazi na wizara au na haya mashirika ya afya atakutana na Java, apende asipende, hata kama YouTube wamemwambia Java imezeeka.

Na ukitaka kuona lugha isivyo na maana sana, tazama malipo ya serikali. Tangu mfumo wa GePG uanze mwaka 2017, kila ada, faini na leseni inatafuta kontroo namba. Chuo, hospitali, halmashauri, mamlaka ya maji, wote wamelazimika kuunganisha mifumo yao na ule wa serikali. Uunganishaji wenyewe ni kutuma na kupokea ujumbe wa XML uliotiwa saini ya kidijiti. Uandike kwa PHP, kwa Java, kwa Python, ule upande wa pili hauna habari. Unachotakiwa kujua ni saini inawekwaje, malipo yakija mara mbili unafanyaje, mtandao ukikatika katikati nani ana hela. Kenya vilevile. KRA walipoleta eTIMS mwaka 2023 na kutangaza kwamba kuanzia Januari 2024 gharama isiyo na ankara ya eTIMS haitakubaliwa kupunguzwa kwenye hesabu ya kodi, biashara zikaanza kutafuta watu wa kuunganisha mifumo yao ya mauzo. Sheria ya kodi ilitengeneza kazi za programu ambazo hakuna orodha ya lugha iliyozitabiri. Mwandika programu anayesoma Sheria ya Fedha kila Julai ana faida kuliko anayesubiri TIOBE ya mwezi. Najua inachosha kusoma, mimi hulipwa kuisoma na bado nasinzia.

Ukinibana kabisa nitaje lugha moja, nitataja ile ambayo vijana wanaiona ya kizee: SQL. Ilianzia IBM mwaka 1974, kwa Donald Chamberlin na Raymond Boyce, na mpaka leo benki, kampuni ya simu, TRA na bohari ya dawa wote wanaitumia kuuliza hifadhi zao za data. Haina mbwembwe. Ukiijua vizuri, na nasisitiza vizuri, si ile ya kukariri usiku wa kuamkia mtihani, utakaa kwenye meza nyingi. PHP nayo nitaitetea kidogo. Kila mwaka inatangaziwa msiba, na kila mwaka WordPress, iliyoandikwa kwa PHP, inaendesha zaidi ya asilimia 40 ya tovuti za dunia. Wikipedia nayo ni PHP. Marehemu gani huyo anayefanya kazi usiku na mchana?

Kuna lugha zilizokufa kweli, sikatai. Waliokuwa wakiishi kwa kutengeneza vitu vya Flash waliona mwanzo wa mwisho Aprili 2010, Steve Jobs alipoandika barua ya wazi kueleza kwa nini haitakiwi kwenye iPhone, na Adobe waliizika rasmi tarehe 31 Desemba 2020. Waliokuwa wakiandika programu za iPhone kwa Objective-C walishtukia Swift mwaka 2014. Wa Android waliambiwa mwaka 2017 kwamba Kotlin sasa imepewa baraka na Google. Waliojifunza kufikiri kama waandika programu walihama baada ya miezi michache. Waliojifunza kubonyeza wapi ili itokee nini, hao ndio walioumia.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma, maana haya ya lugha tungeweza kuyabishania kijiweni na kila mtu akaenda zake.

Mnaikumbuka Andela? Ilianza Lagos 2014, ikaja Nairobi mwaka uliofuata, halafu Kampala na Kigali. Wazo lake lilikuwa tamu: chukua kijana mwenye akili lakini hana uzoefu, mlipe huku anajifunza, kisha muunganishe na kampuni za Marekani zinazolia kwamba hazina waandika programu. Juni 2016 taasisi ya Mark Zuckerberg na mkewe Priscilla Chan iliongoza uwekezaji wa dola milioni 24. Januari 2019 zikaingia dola milioni 100, zikiongozwa na mfuko wa Al Gore na wenzake. Sisi waandishi tuliimba. Uhaba wa waandika programu duniani, Afrika itaziba pengo! Septemba 2019 Andela ikatangaza kuwapunguza wafanyakazi karibu 400 katika Nigeria, Uganda na Kenya, wengi wao wale vijana wa ngazi ya chini. Sababu waliyoitoa ni kwamba wateja wanataka wazoefu.

Rudia kuisoma hiyo. Kampuni iliyoijua biashara hii kuliko vituo vyote vya mafunzo, yenye fedha, yenye wateja, iligundua kwamba kinachotafutwa si mtu anayejua Python au JavaScript. Hao vijana walizijua. Kinachotafutwa ni mtu ambaye mtu mwingine ameshagharimia makosa yake ya mwanzo.

Tangu hapo mambo hayakulegea. Novemba 2022 Meta iliwaondoa watu 11,000, Januari 2023 Google ikafuata na 12,000, na hao wote wakaingia sokoni na wasifu wao mnono kugombania kazi zilezile za mtandaoni ambazo kijana wa Tabata anaziota. Mwezi huohuo wa Novemba 2022 ikatoka ChatGPT, na sasa akili mnemba inaandika zile programu ndogondogo ambazo zamani alipewa mgeni wa ofisi ajifunzie. Andrej Karpathy, mmoja wa watafiti waliokuwa OpenAI tangu mwanzo, aliandika Januari 2023 kwamba lugha mpya moto ya programu ni Kiingereza. Alikuwa anatania nusu, lakini kwa mtoto aliyesoma shule ya kata mkoani huo utani hauchekeshi. Lugha za kompyuta zote hizi zimejaa maneno ya Kiingereza, usaili ni Kiingereza, maelezo ya mtambo ni Kiingereza. Tunapouliza "lugha ipi inalipa" huenda hilo ndilo jibu la kwanza, na hakuna kituo kinachothubutu kuliandika kwenye bango.

Kwa hiyo ukiniuliza nani wa kulaumiwa kwa kijana mwenye digrii ya kompyuta anayeuza vocha, siwezi kusema ni kwa sababu alichagua Java badala ya Python. Namtazama zaidi mwajiri. Kila mwanafunzi wa kompyuta wa vyuo vyetu anakwenda fildi. Anapelekwa idara ya TEHAMA ya taasisi fulani, anakaa wiki nane, na kazi yake ni kubadilisha wino wa printa na kuvuta nyaya za mtandao darini. Kwenye mtambo haguswi, ataharibu. Mwaka unaofuata taasisi hiyohiyo inatangaza nafasi, na sharti la kwanza ni uzoefu wa miaka mitatu. Wa kuutoa wapi? Nimeshawauliza wakuu wa idara kadhaa nikiwa kazini, jibu ni lilelile: hatuna muda wa kufundisha, tunataka anayekuja kupiga kazi. Halafu huyo mzoefu mmoja waliyempata akichukuliwa na kampuni ya simu, wanalia kwamba vijana wa siku hizi hawana uaminifu.

Nafuu ningependa ianze na kitu kidogo, matangazo yenyewe. Mwajiri, kama una Flexcube, andika Flexcube. Kama kazi ni kuunganisha na GePG na mitandao ya simu, andika hivyo, ili kijana ajue asome nini miezi mitatu kabla, badala ya kumworodheshea lugha sita ambazo hata wewe huna mtu wa kumsaili nazo. Na ukiwa na mtu mmoja anayejua mtambo, mpe kijana wa fildi akae pembeni yake na nakala ya majaribio, si mtambo halisi. Mabenki mengi yana nakala hizo tayari, ni suala la kumfungulia mtu akaunti.

Kwa ninyi mnaoniuliza: kabla hujalipa ada ya kozi, chagua sehemu tatu ambazo ungependa kufanya kazi, tafuta mtu wa ndani, umuulize wanatumia mtambo gani na ni kitu gani hukwama mwisho wa mwezi. Watu hupenda sana kulalamikia mifumo ya ofisini kwao, utajaza daftari. Kozi utaichagua baada ya hapo.

Ya fildi nina mengi zaidi na kuna vyuo viwili nataka niende kuwasikiliza walimu wenyewe, wasije wakasema nimewaandika bila kuwauliza. Nikirudi nitayaweka hapa. Sasa hivi dawati linaniita, kuna mkutano na waandishi saa nne na gari limeshawashwa.